Maji ya Moto ya Shemeji

Wewe uliyeshika nyundo ya upepo, au mashine yoyote inayotetemesha mikono kutwa nzima, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Kama ukilala vidole vyako vinalala nawe, mshukuru Mungu, soma kisha uwape wengine. Lakini kama asubuhi ya ukungu unaviona vimegeuka vyeupe upande wa ndani na chini ya kucha, kama vya maiti aliyekwisha kuoshwa, basi kaa chini, nina maneno na wewe. Ubaya wa ugonjwa umenipita, sasa naweza kusimulia bila kutukana sana. Nitatukana kidogo tu, utanisamehe.

Jina langu Asumani. Ni mzaliwa wa Kindu, wa zile nyumba za Waislamu zilizoko tangu kabla ya Wabelgiji kuleta reli yao. Nilikuwa mpigaji katika atelie, karakana ya meli, kando ya mto Lualaba, tulipokuwa tukiunga mabati mazito ya mashua za mizigo. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Msumari mnene unapashwa moto mpaka unakuwa mwekundu, unatiwa katika tundu la bati, mtu mmoja anaukandamiza kwa chuma kizito upande wa ndani, na mwingine anaupiga kichwa upande wa nje kwa nyundo ya upepo. Nyundo hiyo huiinui wala huishushi. Upepo unakuja kwa mpira kutoka kwenye mashine, na nyundo inapiga yenyewe, upesi upesi, hata meno yanagongana kinywani. Kazi yako ni kuishika tu isikukimbie. Wa nje nilikuwa mimi. Wa ndani alikuwa Amisi, mtu wa Pangi, mtani wangu, maana watu wake na watu wangu wanataniana tangu zamani na hakuna wa kukasirika.

Ulianza kama ganzi ya kawaida. Jioni nikirudi nyumbani, vidole vilikuwa vikitambaliwa na kitu, kama sisimizi. Nilimwambia Amisi, naye akatazama mikono yake mwenyewe, akasema, "Hata mimi niko nao. Sasa hawa sisimizi wanakaa kwetu bure, hawalipe hata kodi?" Tukacheka. Hatukujua tunachokicheka.

Kilipokuja kiangazi, ambacho kwetu ndicho chenye asubuhi za baridi, na ukungu ukatanda juu ya mto, ndipo nilipoviona vyeupe mara ya kwanza. Kidole cha kati, kisha cha shahada, kisha cha pete. Vilikuwa vyeupe mpaka kwenye kiungo, na ukivigusa ni vya mtu mwingine. Jua lilipopanda, damu ilirudi, na wewe usiyeijua damu inaporudi usiombe kuijua. Inachoma. Niliweka mikono kwapani nikazunguka uani kama kuku aliyekatwa shingo, na mke wangu Zaina alisimama mlangoni na mwiko mkononi akiniuliza, "Baba Riziki, ni nini? Umeumwa na nge?"

Baadaye mambo madogo yakaanza kunitoroka. Vifungo vya shati. Sindano. Tasbihi nikiivuta baada ya swala, punje zinapita na mimi sizijui, inanibidi kuitazama kwa macho kama mtoto anayejifunza. Mwiba wa samaki sikuweza tena kuusikia ndani ya bugali, mpaka unikute kooni. Zaina akaanza kunichambulia samaki, na ananipa kimya kimya watoto wasione. Hiyo ilikuwa rehema, nami niliionea haya.

Kilichonitia hofu ya kweli ni Riziki. Mtoto wetu huyo alilala bila kula siku moja mchana. Zaina alikuwa sokoni. Niliweka kiganja changu juu ya paji la uso wake, nikasema moyoni, hana homa, amechoka tu. Nikamwacha. Zaina alipoingia akamgusa, akapiga kelele. Mtoto alikuwa anawaka moto. Tulikimbia naye dispanseri, na Mungu alitusaidia akapona. Lakini njia nzima Zaina alikuwa akisema, "Ulimugusa, Asumani? Kweli ulimugusa?" Nilimgusa, wallahi. Mkono wangu ndio ulioniambia uongo.

Toka siku hiyo nilitaka jambo moja tu duniani: kuondolewa kwenye nyundo kabla mikono haijafa kabisa. Sikutaka kuacha kazi, kwa maana nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi. Nilitaka wanipeleke kupaka rangi, au kwenye kamba za bandarini, popote pasipotetemeka. Bwana wa atelie, Mbelgiji mfupi mwenye sauti kubwa, alisema wazi mbele yetu wote kwamba hakuna mpigaji atakayehamishwa bila neno la munganga. Si munganga wa dispanseri. Ni yule wa kupima vidole.

Huyo alikuwa akija kwa treni toka mbali, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa mvua. Alikuwa mrefu, mwenye kikohozi, na kisanduku chake hakumpa mtu kukibeba. Ndani yake mlikuwa na chuma chenye ncha mbili kama uma. Anakigonga gotini, kinalia, kisha anakisimamisha juu ya ncha ya kidole chako nawe umefumba macho. Unapoacha kukisikia kikitetemeka unasema imekwisha, na yeye anakitia upesi kwenye kidole chake mwenyewe aone kama bado kinatetemeka. Tulimwita Bwana Kengele.

Ngojeo letu lilikuwa baraza la dispanseri. Wapigaji tulikuwa na benchi letu, tumekaa bega kwa bega, vifua kama milango, na mbele yetu wamama na watoto wenye kuhara, wazee wenye miguu ya kuvimba, vijana waliopasuliwa na mapanga. Bibi kizee mmoja alituuliza, "Ninyi vijana munaumwa nini?" Amisi akajibu, "Vidole, mama." Yule bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Vidole! Wanaume wazima! Na mimi je, nilete nywele zangu?" Tulicheka naye, lakini ule ni ugonjwa wa fedheha, nakuambia. Huna kidonda, huna homa, huna cha kuonyesha mtu.

Na hapo barazani ndipo anapoingia shemeji.

Salumu ni kaka mkubwa wa Zaina. Baba yao alikufa mapema, Salumu ndiye aliyemlea, na ndiye aliyenioza. Alisoma, akawa msaidizi wa waganga pale dispanseri, koti jeupe, viatu vya ngozi, Kifaransa kinamtoka kama maji. Ndiye aliyekuwa mkalimani wa Bwana Kengele, maana yule bwana Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chakula tu. Niliposikia kwamba Salumu ndiye atakayesema kwa niaba yetu, nilimshukuru Mungu. Nilisema, sasa nimepona.

Siku ya kwanza ya kupimwa, Salumu alitoka ndani na birika kubwa linalotoa moshi, na beseni, na taulo begani. Akasimama mbele yangu.

"Shemeji, leta mikono."

"Ya nini?"

"Munganga ni mutu mukubwa. Huwezi kumupa mikono ya grisi na baridi. Leta."

Akaninawisha. Maji yalikuwa ya moto, ya kuvumilika tu, na aliyamimina polepole, na akaniambia niiache mikono ndani ya beseni kitambo. Kwetu siku ya arusi kaka wa bibi arusi ndiye anayemnawisha bwana arusi mbele ya watu, ishara kwamba tangu leo utakula kwetu. Mtu akikunawisha hukatai. Kukataa ni kumwambia mikono yake ni michafu. Basi nilikaa pale barazani, mbele ya wagonjwa wote, nikajiona bwana arusi kwa mara ya pili. Amisi naye akanawishwa, na wengine wote. Amisi akasema, "Leo tumeolewa sote." Vidole vyangu vilikuwa vikiniuma tangu alfajiri, na ndani ya maji yale vikatulia. Niliona raha, jamani. Sitasema uongo, niliona raha mpaka macho yakaniloa.

Ndani, Bwana Kengele alinipima. Chuma kikalia kidoleni, nikakisikia, kikaisha, nikasema imekwisha. Nikamwambia Salumu, "Mwambie asubuhi vinakufa. Vinakuwa vyeupe. Mwambie kuhusu mtoto." Salumu alisema Kifaransa kwa muda. Munganga akachukua mkono wangu, akaugeuza, akaziminya kucha, akatazama rangi inavyorudi. Ilirudi upesi, mbona isirudi? Mkono ulikuwa umetoka majini, umejaa damu. Akaitikia kwa kichwa.

"Anasema nini?"

"Anasema iko sawa. Unasikia vizuri. Endelea na kazi, atakutazama tena wakati wa mvua."

Niliamini. Mwenye chuma chake amesema mzima, mimi ni nani?

Wakati wa mvua mambo yalikuwa hayo hayo: benchi, birika, beseni, chuma, iko sawa. Nikarudi kwenye nyundo. Sasa nilikuwa naishika kwa nguvu zaidi, kwa sababu usipoisikia unaogopa itakuponyoka, na kadiri unavyoikamata ndivyo inavyokula mikono. Kikombe cha chai kilianguka mkononi mwangu mbele ya wageni. Zaina naye akaanza kuchoka nami. Si mwanamke mbaya, lakini kaka yake alimwambia munganga ameniona mzima, na bwana wa atelie alisema nafanya uvivu, sasa yeye amwamini nani? Siku moja aliniambia, huku anafunga kikwembe chake kiunoni kwa hasira, "Munganga anasema uko muzima. Salumu anasema uko muzima. Wewe peke yako njo mugonjwa?" Mama yangu kwa upande wake akaleta maneno ya kurogwa, akataja jirani, na nusura tugombane na watu wasiotukosea kitu. Nyumba yetu ilikuwa imeanza kunuka ugomvi kila jioni.

Hata mimi nilijishuku. Nililala nikijiuliza kama naugua kweli au moyo wangu umekuwa mwoga. Hilo silisamehe upesi. Maumivu ya mkono ni ya mkono, lakini mtu akikufanya usijiamini mwenyewe, amekuibia.

Kilikuja kiangazi kingine, chenye baridi kuliko cha kwanza. Siku ya kupimwa treni ya Bwana Kengele iliwahi. Sijui ni kikohozi kilichomkosesha usingizi au ni nini, lakini hakungoja mtu wa kumpokea. Alikuja kwa miguu mpaka atelie na kisanduku chake, na sisi tumekwisha anza kazi. Nilikuwa nimesimamisha nyundo, nimeegemea bati, vidole vimekufa vyote isipokuwa gumba na kile kidogo. Nikageuka nikamwona amesimama karibu, anatazama mikono yangu.

Aliweka kisanduku chini penye tope, akachukua mkono wangu, akauminya. Ukucha ulibaki mweupe. Aligonga chuma gotini, akakisimamisha juu ya kidole changu, akanitazama usoni. Nilijua anangoja niseme. Nilikiona chuma kinatetemeka kwa macho yangu. Sikukisikia hata kidogo.

"Tangu lini?" akauliza kwa Kiswahili chake kibovu.

"Tangu kiangazi cha mbele ya hiki, Bwana. Tulikuambia."

"Nani ambia?"

"Salumu alikuambia. Kila mara."

Amisi alitoka ndani ya mashua na mikono yake, nayo ikatazamwa. Wengine wakasogea. Na Salumu naye akatokea kwenye ukungu, anakuja mbio na lile birika. Alikuwa amekwenda kumpokea munganga stesheni akaambiwa ameshuka, ameelekea atelie, basi akachukua maji yake akatufuata huko huko. Akasimama. Moshi ulikuwa unatoka mdomoni mwa birika.

Bwana Kengele alilitazama birika, akaitazama mikono yetu. Akanigeukia mimi. "Hii maji. Kila mara?"

Na mimi, Mungu anisaidie, nikajibu kwa majivuno. "Ndiyo, Bwana! Shemeji yangu anatunawisha kila mara mbele ya kuingia kwako. Hajasahau hata siku moja. Ni mtu mwema sana."

Uso wa yule Mzungu uliiva. Alimfokea Salumu kwa Kifaransa, akinyoosha kidole kwenye birika, kwenye mikono yangu, kwenye birika tena. Sikuelewa neno. Nilimtazama Salumu nikingoja ajitetee, kwa sababu nilidhani anaonewa. Hakujitetea. Alikuwa anatazama viatu vyake. Ndipo Amisi, mtani wangu, ambaye sijapata kumsikia akisema jambo bila mzaha, aliniambia polepole, "Asumani, maji ya moto yanarudisha damu. Hata mama zetu wanajua."

Hata mama zetu wanajua! Nilijua na mimi. Kila asubuhi nilikuwa nikitafuta maji ya moto nyumbani kwa sababu hiyo hiyo. Lakini yalipotoka mkononi mwa shemeji yangu sikuyafikiria. Mtu anafikiria sumu ya adui. Nani anachungulia maji ya kunawishwa na nduguye?

Jioni nilikwenda kwake. Alikuwa amehamia hivi karibuni katika nyumba ya matofali, upande wa wenye vyeo, na sisi ukoo mzima tulikuwa tumekwenda kumpongeza na kula wali wake. Nilikataa kiti.

"Munganga alikuambia nini juu ya maji? Sema mbele ya Mungu."

Akasema, "Tangu mwanzo alisema watu wakae kwanza barazani, mikono ibaki vile iko. Asinawe mutu."

"Na wewe?"

"Bwana wa atelie aliniita. Alisema munganga akiona vile vidole vyeupe, atasimamisha nyundo zote. Mashua hazitakwisha. Nanyi wote mutafukuzwa, mutarudi kulima. Dada yangu atakaa wapi? Nilikulinda, shemeji."

"Ulinilinda mimi ao nyumba hii?"

"Asumani..."

"Na maneno yangu? Niliposema vinakufa, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unachoka."

"Nachoka! Na mtoto?"

Salumu akageuzia uso mlangoni. Mke wake alileta chai, akaona nyuso zetu, akarudi nayo. Halafu Salumu akasema neno ambalo hata leo likinijia nikiwa nakula, naacha chakula. Alisema, "Ilikuwa maji tu, shemeji. Sikukupa dawa mbaya. Maji tu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii niliisikia tangu utotoni na nilidhani inawahusu watu wengine.

Nilimwambia Zaina yote. Alilia, kisha akaanza kumtetea kaka yake. Alinilea. Alinioza kwako bila kudai makubwa. Labda walimtisha, unawajua Wabelgiji. Damu nzito kuliko maji, baba Riziki. Nilipandisha sauti ambayo sikuwahi kumpandishia, nikamwambia aende akakae kwa damu yake. Akaenda kweli, na watoto. Nilibaki peke yangu, nikila samaki na miba yake.

Alirudi baadaye, mwenyewe, bila wazee kuitwa. Aliweka mzigo chini akasema, "Nimemuuliza kwa kinywa changu. Nilitaka akane." Akaketi akaanza kuchambua majani ya sombe. "Hakukana." Tangu siku hiyo kaka yake hakula tena nyumbani kwetu, na mimi sikumkataza. Ni yeye mwenyewe hakumwalika. Najua ilimuuma kuliko ilivyoniuma mimi, kwa sababu mimi nilikuwa nimepata wa kumchukia.

Bwana Kengele alitoa neno lake kwa bwana wa atelie: wale wenye vidole vilivyokufa tuliondolewa kwenye nyundo, na hakuna aliyefukuzwa. Umesikia? Hakuna aliyefukuzwa. Lile tishio lilikuwa upepo mtupu. Hata hivyo yule munganga naye simwachii. Mtu anapima vidole vya watu wa mtoni misimu miwili, hajawahi kuja hata asubuhi moja kuviona vikiwa kazini, anangoja aletewe mezani vimepashwa kama chakula. Alipoondoka alinishika bega. Bega nalisikia vizuri, nikamwambia asante.

Mimi nilipewa kulinda kuni za meli, pale ukingoni. Amisi aliomba kuondoka, akarudi Pangi kulima mpunga. Siku ya kuagana aliniambia, "Jembe halitake vidole vya kushonea." Ananiletea mchele kila anaposhuka mjini, na kila mara anauliza kama sisimizi wangu wamelipa kodi.

Sasa nikupe yale maneno niliyokuitia. Uchungu unapungua ukiacha mtetemo, lakini si upesi. Mvua zilipita, kiangazi kikapita, ndipo niliweza kulala bila mikono kuniamsha. Weupe bado unakuja siku za baridi. Navaa nguo nzito mwili mzima, si mikononi peke yake, na tumbako niliiacha, maana munganga alisema inabana damu. Zaina alikuwa akinisugua kwa mafuta ya mawese, sijui kama yalisaidia vidole, ila yalitusaidia sisi wawili. Nikikosa vifungo navaa kanzu. Mtoto akilala bila kula namwita mama yake, au nalaza shavu langu juu ya paji lake, shavu haliongopi. Uhisi wa gumba na wa kile kidogo ulibaki. Vile vya katikati havikurudi, na nimekwisha kuvisamehe, maskini, havikuwa na kosa.

Na jambo kubwa ni hili. Mficha maradhi kifo humuumbua, tunasema, lakini kuna na wengine wa kukufichia. Siku ya kupimwa nenda na mikono yako kama ilivyo, ya baridi, ya grisi, inayonuka chuma. Usinawe. Mtu akikuletea maji, hata awe nani, mwambie asante, baada ya kutoka. Akikasirika akasirike. Na kama hujui lugha ya munganga, usiseme kwa mdomo wa mtu tu. Mshike mkono munganga, mpeleke nje kwenye ukungu, mwonyeshe.

Watu wananiuliza kama tumepatana, mimi na Salumu. Siku ya Idi iliyopita, baada ya swala, alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni katika kanzu mpya, amekonda, na jirani zetu wote wako nje wanaangalia. Zaina alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Kwa ajili yake nikanyoosha mkono. Salumu aliupokea kwa mikono miwili, akaushika muda mrefu, kichwa chini. Wazee wakasema alhamdulillahi. Zaina akaenda ndani kutenga sahani ya kaka yake.

Aliuminya mkono wangu? Hakuuminya? Mimi sijui. Muulizeni yeye.